Folda ya Kavata na Uzi wa Syokau

Kavata alikuwa amechoka, tena uchovu ule usioisha kwa kulala. Kwa miaka sita aliandika programu katika shirika moja dogo pale Kwa Vonza, la kuwatumia wakulima ujumbe wa simu: mvua inakaribia, pandeni, au bado, ngojeni. Kazi hiyo walikuwa nayo wawili tu, yeye na Gedion, aliyefanyia kazi kwao Kathonzweni. Alichoandika mmoja kiliwekwa kwenye ghala moja la mtandaoni waliloliita repo, na mwenzake akakichukua huko.

Sasa mama yake, Syokau, alikuwa ameanguka shambani Mbooni akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudisha nyumbani, na binti ni huyo mmoja tu. Kavata aliomba likizo ya wiki tatu, akapewa bila maneno. Shida ni kwamba kila alipoondoka, hata kwa siku mbili, Gedion alipiga simu.

"Madam, programu imekataa tena. Kwangu hai-run."

Ilikataa kwa sababu ya sheria ya Kavata mwenyewe. Mwaka wao wa kwanza Gedion aliingiza kwenye repo folda ya edita yake, yaani ile programu anayoandikia. Humo mna mambo ya mwenyewe: ukubwa wa herufi, rangi, mahali mafaili yalipo kwenye mashine yake. Kesho yake Kavata akafungua kompyuta akakuta maandishi ya zambarau, na programu inahangaika kutafuta faili iliyo nyumbani kwa kina Gedion. Ujumbe wa kupanda ulichelewa siku mbili. Kavata alimfokea kwenye simu mpaka mlinzi wa geti akaja kuchungulia. Tangu hapo akaweka amri kwamba folda ya edita haiingii kwenye repo, iwe ya nani. Kila mtu abaki na yake.

Amri nzuri, nani angeipinga? Lakini miaka ilivyokwenda, Kavata akawa anaficha kwenye folda yake kila ujanja aliougundua: programu ianzishwe na nini, ijaribiwe vipi, ujumbe wa Kikamba upitie wapi kabla ya kutumwa. Yote yakawa vitufe vitatu kwenye edita yake. Anabonyeza, inaenda. Gedion hakuwa na vitufe hivyo, na kumweleza kwa simu kulikula saa nzima. "Wacha tu, nitafanya mimi," Kavata akawa anasema. Maneno hayo ndiyo yaliyomzeesha.

Basi akapanda Mbooni na laptopu mgongoni. Siku ya tatu, akimlisha mama uji, simu ikalia, Gedion tena. Mvua ilikuwa inaingia wiki hiyo na ujumbe ulipaswa kutoka kesho. Pale bondeni simu ilishika, ila intaneti haikuwepo. Kavata akachukua boda boda hadi kilimani, akakaa huko saa mbili akibishana na mtandao mpaka laptopu ikaishiwa chaji. Hakuna kilichotumwa. Aliporudi alimkuta Syokau sakafuni. Alikuwa ameteremka kutafuta maji ya kunywa, akashindwa kurudi kitandani.

Kavata alimwinua huku analia. Alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Ni kazi gani hiyo," Syokau akauliza, "haiwezi kushikwa na mtu mwingine?"

Kavata akamweleza habari ya folda kwa Kikamba, kadiri alivyoweza. Syokau alielewa upesi kuliko wakubwa wa shirika. Miaka thelathini aliongoza mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wa akina mama wa kijiji, wakichimbiana matuta shamba kwa shamba.

"Jembe kila mtu alikuja na lake," akasema. "Langu sikumwazima mtu. Lakini uzi wa kupimia ulikuwa mmoja. Bila uzi hujui tuta lipite wapi, maji yanakuvunjia."

"Na uzi ulikaa kwa nani?"

Syokau akapapasa ukingo wa kitanda. "Kwangu. Chini ya kitanda hiki. Mwaka nilipokuzaa nililazwa wiki mbili. Walitaka uzi, nikawaambia wangoje nitoke. Nilipenda kuitwa, Kavata. Wakishindwa kuanza bila mimi, najiona mtu. Mvua haikuningoja. Udongo wa jirani yetu Nthiwa wote uliishia mtoni."

Kavata akamfunika mama blanketi. Alijua sasa kwamba ile "wacha tu" yake haikuwa huruma tupu. Alipenda simu ile ilie.

Laptopu ilipopata chaji ya sola, akaifungua folda na kuanza kuchambua. Herufi kubwa za kusaidia macho yake, na rangi zake, akaziacha nje; hayo ni majembe. Vitufe vyote vitatu akaviingiza kwenye fungu la kwenda repo. Jina lake, kwa kuwa mafaili yalitafutwa kwenye mashine yake, lilikuwa limejipachika mahali kumi na saba, akalifuta kote. Kisha akamwomba jirani, Ndila, akae na mama, akapanda kilimani, safari hii mtandao ukakubali, akatuma kwenye repo, akampigia Gedion.

"Vuta repo. Kila kitu kiko huko."

"Na ile sheria?"

"Nimeibadilisha."

"Madam, hii maneno nilikuambia kitambo sana."

"Najua, Gedion. Nilikosea."

Kesho yake mchana alikaa kando ya kitanda, simu pajani, akingoja ilie. Haikulia. Akaangalia kama ina chaji. Ilikuwa nayo. Saa nane, saa tisa, kimya. Aliona uchungu kidogo, akajionea aibu kwa uchungu huo.

Kisha kasimu ka mama kakapiga kelele chini ya mto. Kavata akakachukua, akasoma kwa sauti. Mvua itaanza Alhamisi, pandeni.

"Ni wewe umetuma?" Syokau akauliza.

"Hapana, mwaitu," Kavata akamjibu mama yake. "Si mimi."

Syokau akavuta blanketi akamwachia nafasi upande wa ukutani.

"Basi lala," akasema.