Ijumaa Kuu Iliyoangukia Siku ya Wajinga

Enzi zetu pale Navakholo, uongo ulikuwa na tarehe yake: mosi Aprili, na mwisho saa sita mchana. Leo vijana hudanganyana mwaka mzima kwenye simu, halafu wanashangaa hakuna anayecheka. Asubuhi moja ya tarehe hiyo nilimwambia baba kicheche ameingia kwa kuku, akatoka mbio na rungu, taulo ikabaki mlangoni. Aliporudi alisema, "Leo hata ukifa, tutangoja saa sita ipite ndio tulie."

Shida ni kwamba mwaka huo Ijumaa Kuu iliangukia siku hiyo hiyo. Mzee Shadraka wa kanisa letu alituonya kwamba Bwana hafanyiwi utani. Lakini ni yeye aliyemchagua Javan awe Yesu katika mchezo wa mateso, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na ndevu za kutosha. Javan alikuwa mkata miwa, mrefu, na mwongo aliyebobea. Alfajiri ile alipita boma kwa boma akitangaza kwamba sukari inagawiwa bure kwa chifu. Wanawake wakaenda na mabeseni, mama yake mzazi akiwa mbele, wakamkuta mbwa wa chifu amelala. Walikuja kanisani na mabeseni yao, wamenuna.

Sisi wasichana tulikuwa wanawake wa Yerusalemu. Machozi yalikataa, tukajipaka vitunguu machoni. Javan alifungwa kwa kamba za katani kwenye msalaba wa mkaratusi, uliochimbiwa nje ya kanisa. Mvua ilikuwa imeanza, udongo mwekundu laini, na hakuna aliyeona kwamba shimo lile limepasua njia ya siafu.

Kwanza aliguna. Kisha akajinyonganyonga kama kambare aliyevuliwa. "Siafu! Nifungueni!"

"Ameni!" waumini wakaitikia.

"Javan, rudi kwa maneno yako!" mzee Shadraka akamnong'oneza.

"Maneno gani? Wamefika kwa kaptula!"

Askari wa Kirumi wakacheka. "Na sukari, ilikuwa tamu?"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo kanisa lilivyobubujika machozi ya furaha. Mwigizaji wa namna hiyo hatukuwa tumewahi kumwona.

Ndipo mama yake akasimama, kamwanamke kafupi. "Nyamazeni! Huyo ni wangu. Akiumwa kweli ndio analianga hivyo." Askari mmoja akamzuia, akapigwa beseni la kichwa. Mama akanyakua panga la kufyekea nyasi, akakata kamba. Yesu akaanguka, akainuka, akatimka kuelekea mtoni, shuka likabaki kwenye msalaba. Mzee Shadraka alifunga ibada kwa sala ambayo hakuna aliyeisikia.

Jioni tulimkuta Javan kwao, amevimba kama andazi. Mama yake alikuwa akimbandua vichwa vya siafu kwa kucha, polepole, na kwa kila kichwa akimkumbusha sukari. Javan alicheka na kulia kwa pamoja.

Mchezo ule bado unachezwa, lakini siku hizi vijana wangempiga video kwanza, kamba wangekata baadaye. Mama yake tulimzika zamani. Majuzi nilimkuta Javan sokoni, ndevu zimekuwa nyeupe.

"Sasa nikilia," akaniuliza, "nani atajua ni kweli?"

Nilicheka, nikijua ni utani wake. Nilipomwangalia vizuri, hakuwa anacheka.