Mlango Wenye Stika ya Kijani

Stika zilianza kwa nia njema, na hilo nalisema mapema nisije nikaonekana mtu wa kutafuta ugomvi. Zamani mashirika ya watoto wadogo yalikuwa yanagongana hapa Namuwongo, mtaa wetu wa mabanda Kampala. Leo wanakuja hawa kumpima mtoto mkono kwa utepe, keshokutwa wanakuja wengine na utepe uleule kwa mtoto yuleyule, mama mtu ameketi mlangoni anacheka. Kuna nyumba zilikuwa na vyandarua vya kufunikia mpaka kuku, na chumba cha jirani hakuna mtu wa shirika aliyewahi kubisha hodi. Basi mashirika yakaunda mtandao, yakakaa, yakakubaliana: mtoto mmoja, shirika moja. Kila shirika likapewa rangi. Ukishamchukua mtoto unabandika stika mlangoni kwao, na wenzako wakiiona wanapita. Nilikuwepo siku hiyo, nikapiga makofi kama wengine, maana mpango wenyewe ulikuwa wa akili.

Mimi nalea watoto. Kituo chetu kiko karibu na reli, banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na watoto ni wa akina mama wanaouza ndizi, wanaofua, wanaookota plastiki. Sisi ni wa njano. Shirika la njano ndilo linaloleta unga wa uji na kutulipa walezi. Kwenye mikutano ya mtandao nilipelekwa kuwawakilisha walezi wenzangu, si kwa elimu, ila kwa sababu sinyamazi. Nimekulia kambi ya polisi. Baba alishuka kutoka kaskazini na sanduku moja akapewa chumba kambini, na kambini usipopaza sauti hata zamu ya bomba inakupita. Kiswahili changu ni cha huko, na nikikasirika kinatoka chote.

Yule mama alinijia asubuhi moja nafagia mbele ya kituo, matope yamejaa mpaka kizingitini. Alikuwa bado binti, amejifunga leso, ndoo mkononi, anaelekea Muyenga kwa matajiri kufulia watu. Aliona fulana yangu ya mtandao akaja moja kwa moja.

"Anti, samahani. Wale wa kijani wanakuja lini?"

Nikamuuliza wa kijani wamemwambia nini. Akasema hawajamwambia kitu, hajawaona, lakini stika yao iko mlangoni kwake, na majirani walimwambia kijani ndio wanaolipia watoto nafasi kituoni. Alipokuwa anatafuta chumba, mwenye nyumba alimwonyesha viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili maji yanaingia mvua ikinyesha, ila kina stika. Akachukua cha stika.

Kijani walibandika ile stika kwa ajili ya mtoto wa mpangaji aliyetangulia, na mpangaji huyo alishahama, kwa maana Namuwongo watu wanahama vyumba kila kukicha. Nikamweleza polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini iko kwa mlango yangu."

"Iko kwa mlango wako, dada, lakini si ya mtoto wako."

"Sasa ya mtoto wangu ni gani?"

Nikamuuliza mtoto yuko wapi saa hii. Akanyoosha mkono kuelekea vyumbani na kunionyesha ufunguo shingoni mwake.

Wanaofungia watoto ni wengi, na mimi si wa kuwahukumu. Mume wake alikuwa mlinzi wa kampuni, akapelekwa kazi mpakani, simu zikaja, zikapungua, zikakatika. Asipofua hawali. Akimwacha mtoto nje, huku reli, kule mtaro mkubwa wa maji machafu. Kwa hiyo alikuwa akimwachia uji kwenye kikombe, akimfungia kwa kufuli, na kurudi jioni. Siku hiyo alirudi nami mpaka kwake akafungua. Mtoto wa kike, umri wa wale wanaonichosha kituoni kwa maswali, alikuwa ameketi katikati ya mkeka akitazama mlango. Hakulia, hakukimbia kwa mama yake, hakusema kitu. Mama yake akasema hajawahi kusema.

Niliogopa masikio. Siku ya mapumziko yangu tulimpeleka hospitali ya Mulago, tukapanga foleni mpaka jua la mchana, na daktari, kijana mpole, akampima kwa kengele na kwa mashine. Akasema masikio ni mazima. Akamuuliza mama, mtoto huwa anazungumza na nani kutwa nzima. Mama akatazama chini. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba mtoto huyu anahitaji watu wa kuongea naye, wakubwa na wadogo, kila siku, na aanze sasa, asingoje mwaka mwingine.

Basi kesho yake nikampokea. Madamu, mkuu wetu wa kituo, alinitazama akasema, "Mlango wake si ni wa kijani?" Nikamwambia ndiyo, na kijani wenyewe hawaonekani. Akageuka akaendelea na kazi zake. Madamu ni mama pia.

Wiki za kwanza alikaa pembeni ya ukuta. Kisha akaanza kusogea. Tuna desturi ya kuwakalisha wadogo kwenye potii kwa mstari baada ya uji, na mlezi anapita akiuliza kila mmoja, "Umemaliza?" Nao wanajibu kwa pamoja, hata waliomaliza zamani, kwa utundu tu. Siku moja nilipita nikauliza, na katikati ya makelele hayo nikasikia sauti nzito nisiyoijua: "Bado." Nilisimama. Nikarudi nikamuuliza tena yeye peke yake. "Bado," akasema, akinitazama kana kwamba namsumbua.

Wacha niseme ukweli, nililia palepale, potii mkononi. Jioni nilimwambia mama yake, na yeye hakuniamini mpaka walipofika njiani akamuuliza kama amechoka. Tangu hapo neno lilikuwa lake kwa kila jambo. Unataka maji? Bado. Mama amekuja? Bado. Baadaye yakafuata mengine: lete, yangu, toka, mvua, anti njoo. Alianza kunigombeza nikichelewa kumpa uji. Mtoto anayekugombeza anakusudia kukaa.

Kisha ukaja ukaguzi. Mtandao hutuma vijana wa kujitolea kuhakikisha kila mtoto yuko chini ya rangi yake, kwa sababu wafadhili walilalamika kwamba mtoto mmoja anahesabiwa na mashirika mawili. Vijana walikuja na simu zao, wakalinganisha watoto na milango. Walipofika kwake wakasimama. Mlango wa kijani, mtoto yuko njano. Wakaniuliza kwa adabu kabisa. Nikawaeleza yote, na Mulago pia. Waliandika, wakashukuru, wakaenda.

Baada ya hapo madamu aliitwa ofisini kwa njano, akarudi uso umemshuka. Kituo kimechukua mtoto wa wenzake. Mtoto aondoke mpaka kijani wamwachilie rasmi, la sivyo kituo kizima kitolewe kwenye mtandao, na unga na mishahara vifuate. Nilimuuliza, "Na wewe umesema nini?" Akasema amesema atafanya. Nilitaka kumfokea, lakini nilitazama lile banda, watoto wote wale wamelala baada ya uji, na jioni nikamwambia mama yake asimlete kesho.

Nikaenda kwa kijani. Nikaambiwa mradi wao Namuwongo umekwisha, na tena huyo si mtoto wao, wao mtoto wao alihama. Nikasema vizuri sana, basi andikeni hivyo. Wakasema hawawezi kumwachilia mtoto ambaye hawakumchukua. Nikasema basi ondoeni stika. Wakasema stika huondolewa na aliyeibandika, ndivyo mtandao ulivyokubaliana ili watu wasibanduliane, na aliyeibandika mkataba wake umeisha. Nilirudi nikachukua kisu cha jikoni nikaikwangua mwenyewe, mwenye nyumba akinitukana kwa Kiganda, kwa kuwa stika ilikuwa inampatia wapangaji. Haikusaidia. Kwenye simu za wakaguzi mlango ulibaki wa kijani vilevile.

Kikao cha mtandao kilikuwa mtaa wa Kamwokya, ghorofa ya juu, chini yake duka la spika linapiga muziki kutwa. Tulijitambulisha mmoja mmoja, kila mtu na neno moja la anavyojisikia. Wenzangu walisema furaha, matumaini, shukrani. Mimi nilisema hasira, wakacheka wakidhani natania. Ilipofika mengineyo nikasimama. Nikawaambia kuna mtoto amefungiwa ndani kwa kufuli, alikuwa ameanza kusema, na tumemrudisha ndani kwa sababu mlango una rangi ya watu waliokwisha kuondoka. Nikawaambia rangi tuliupa mlango, na mlango haukui.

Mwenyekiti alinishukuru kwa moyo, machozi yalimlengalenga, nilimwona. Mama mmoja wa shirika la bluu alisema hilo ni pengo na ni somo kubwa kwetu sote. Mwingine akasema suluhisho ni kumpitisha mtoto upya: kijani wathibitishe kuondoka, bluu wapime, njano wapokee. Wote wakakubali. Ikaundwa kamati ndogo, tukapewa chai na chapati. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikupata wa kumchukia. Hakuna mtu mbaya aliyekuwa mle ndani.

Wakati kamati inakaa, mimi nilifanya nililoweza. Watoto wakilala mchana, mwenzangu alinishikia zamu, nikakimbia mpaka vyumbani. Chini ya ule mlango kuna mwanya ambao maji huingilia. Nilichuchumaa kwenye matope nikamwita. Siku za kwanza alikuja mbio, nikaona vidole vyake, akasema, "Anti njoo. Fungua." Nikamwambia sina ufunguo, mama anakuja jioni. Akasema, "Fungua." Nikamweleza wenzake wanafanya nini kituoni, nani kamwaga uji, nani kalia. Alijibu kidogo kidogo. Majirani walinizoea, wengine walinipa kigoda.

Niliwaomba hao majirani waongee naye pia wakipita. Waliahidi, na najua walifanya hivyo mara mojamoja, lakini kila mtu ana sufuria yake motoni. Mama yake akaanza kutoka mapema zaidi na kurudi amechoka mno, maana mvua zilizidi na nguo hazikauki. Nilimwambia ajitahidi kuzungumza naye usiku. Akaniambia, "Anti, mimi mwenyewe usiku sina maneno." Sikumlaumu. Namjua mtu aliyechoka nikimwona.

Mle ndani vidole vikaacha kuja mlangoni. Nikiita nilisikia anasogea kwenye mkeka, basi. Nikamuuliza maswali ya kumchokoza, nikamwimbia, nikajifanya nimekosea majina ya wenzake ili anisahihishe kama alivyozoea. Kimya. Kuna siku nilimkemea kwa uchungu, nikasema, "Nijibu, mwanangu, nakuomba," na jirani akaniambia inuka, anti, unajidhalilisha bure.

Kamati ilipita kwenye hatua zake zote. Kijani walithibitisha, bluu wakapima, njano wakapokea, na asubuhi moja, mvua kubwa zilipokuwa zimekwisha kabisa, mama yake alimleta kituoni amemvalisha gauni safi, kwa ruhusa ya kila mtu. Yule mama hakuacha kutabasamu. Mtoto aliingia, akapita wenzake waliomkimbilia wakimwita, akaketi pembeni ya ukuta palepale pa mwanzo. Baada ya uji nikamweka kwenye potii, nikapita mstarini nikiuliza. Wote wakajibu. Yeye alinitazama tu.

Nilijipa moyo kwamba atarudi kama alivyokuja mara ya kwanza. Bado najipa moyo, kila asubuhi. Yuko kwetu, anakula vizuri, amenenepa. Simwachi, na mama yake hamfungii tena. Lakini hata ile "toka" aliyokuwa akiwafukuzia wenzake sijaisikia.

Juzi mtandao uliwaleta wageni kutazama kazi ya ushirikiano wetu, na madamu akawaonyesha huyu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza kupitishwa na mashirika matatu kwa pamoja. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye sauti nzuri, alichuchumaa mbele yake akamshika mikono. Akamuuliza jina. Akangoja, akangoja sana, bila kumharakisha, kama inavyotakiwa. Kisha akainua uso akaniuliza kwa upole:

"Huyu hajaanza kuongea?"

Nikamwambia alishaanza.