Inanga Kwanza, Biti Baadaye

Nalikumbuka vizuri juma lile, mdogo wangu, kwa sababu sikulala sawasawa hata siku moja. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo: maiki mbili zinatosha? Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa dada yangu Solange huku Kabuga, pembezoni mwa Kigali, na daftari langu limejaa michoro ya studio ambayo sikuwa nayo. Nilitaka kurekodi inanga ya Mzee Karoli, kaka wa bibi yetu. Unaijua, ule ubao wa nyuzi unaolazwa mapajani. Kisha niichanganye na biti ninazotengeneza kwenye laptopu. Kila nilipokaribia kuanza niliona kasoro nyingine: mvua kwenye bati, ukuta unaorudisha sauti, kifaa changu cha kuingizia sauti chenye tundu mbili tu, wakati wenzangu mtandaoni wana cha tundu nane.

Alhamisi Mzee akaja kwetu na karatasi ya hospitali. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi. Angefanyiwa upasuaji Jumatatu, na daktari hakumwahidi kuwa vitarudi kwenye nyuzi.

Solange aliniona nafungua daftari tena, akasema nimesoma mpaka nimesahau kuanza. Akalichukua daftari, akaniachia magodoro mawili.

Jumamosi asubuhi tuliyasimamisha ukutani yameze mwangwi, tukatandika blanketi sakafuni. Maiki ya pili niliiazima kutoka kwaya ya parokia. Moja niliielekeza kwenye nyuzi, nyingine karibu na mdomo, maana Mzee huimba kwa sauti ya chini, kama anayekupa siri. Hapo nikafanya kosa ninalotaka ulikwepe. Biti nilikuwa nimeshaitengeneza, kwa hiyo nikamvika Mzee hedifoni na kumwomba afuate mlio wa kuhesabu, ti, ti, ti, ili inanga na biti zikae sawa.

Alijaribu mara tatu. Kila alipofika mahali wimbo unapotaka kupumua, mlio ulimpita, naye akasimama. Mara ya nne alivua hedifoni, akaanza kukanda vidole. Niliogopa. Nguvu kidogo aliyobaki nayo nilikuwa naimaliza mimi.

Mzee alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hii mashine yako iko na umri gani?"

Nikamwambia, miaka minne.

"Mimi na huu wimbo tuko pamoja tangu sijaota ndevu. Sasa nani amfuate nani?"

Solange alicheka mlangoni. Mimi nilianza kueleza kwamba bila mlio biti haitapata pa kuingilia, kwamba pengine tungoje kwanza nitafute njia.

"Utangoja na vidole vya nani?" akauliza.

Basi nikazima mlio. Nikafuta biti yangu yote, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikakaa chini. Alipiga wimbo mzima bila kukatiza. Katikati basi la kwenda mjini lilipiga honi, nayo imo mpaka leo.

Baada ya upasuaji, yeye akiwa amelazwa, niliisikiliza rekodi ile nikaweka alama kila alipogusa uzi mzito. Kisha nikatengeneza ngoma mpya za kompyuta, nikizisogeza zimfuate: zipunguze anapopunguza, zichangamke anapochangamka. Ilichukua siku nyingi. Nilipompelekea wodini, kidole kimoja kilichochungulia kwenye bendeji kiligonga shuka pamoja na ngoma, mahali pake hasa.

Kwa hiyo, wewe unayeniuliza ununue nini kwanza, nakuambia anza na mtu. Tundu mbili zinatosha, godoro linatosha, na ala nyingine utaziongeza moja moja kila mpigaji akipata nafasi. Kilicho hai kirekodi mwanzo, kiache kiende mwendo wake. Mashine itafuata, maana haichoki na haizeeki. Hofu haitakuisha. Yangu haijaisha, hata maneno haya nimeyafuta mara kadhaa. Ipe kazi ya kukagua nyaya, halafu bonyeza.

Mungu akujalie sikio lenye subira, awalindie vidole wote unaowapenda, na mvua ya Kigali ikungoje mpaka wimbo uishe.