Siku Nilipomwita Skwota Mpangaji

Mwanangu, kuna Jumapili moja hapa Johannesburg ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha naona haya kidogo, kisha nacheka tena. Ilikuwa mwaka 2017, miaka mingi kabla hujazaliwa. Kichwa hiki unachokiona cheupe kilikuwa cheusi tititi, tena kimejaa majivuno. Nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusoma shahada ya pili, nikichunguza yale mashamba makubwa ya Chile ya zamani, ambako bwana mmoja alimiliki bonde zima pamoja na maisha ya watu waliolala humo. Nikajifunza na Kihispania ili nisome barua za mabwana hao. Nilikijua vizuri, usinitazame hivyo.

Nilipanga chumba mtaa wa Troyeville, kwa mjane wa Kichile tuliyemwita Mama Elvira. Katika vyumba vingine walikaa Wakongomani: mafundi cherehani, wasusi, walinzi wa maduka. Mama Elvira alipotimiza miaka sabini, sisi wapangaji tukaamua kumfanyia sherehe uani. Akina mama walitwanga sombe, yale majani ya muhogo, tangu asubuhi, na jirani akaleta spika kubwa kama kabati. Kabla ya chakula, Mama Elvira akaniita jikoni. Alitaka kutueleza alikotoka, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu tangu aje nchi hii. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni. Ya moyoni aliyatoa kwa Kihispania. Akaniomba niwe mdomo wake kwa Kiswahili. Nilifurahi sana, hasa kwa kuwa watu wangeniona.

Basi akasimama, akaanza kwa kusema kwamba baba yake alikuwa inquilino. Hapo ndipo nilipoharibu. Katika Kihispania cha mjini, neno hilo ni mpangaji. Katika mashamba yale lilikuwa na maana nyingine kabisa: mtu aliyepewa kibanda na kipande cha kulima, akavilipia kwa mgongo wake na kwa migongo ya watoto wake. Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya watu hao. Nilijua pia kwamba kwetu Kenya, enzi za masetla, mtu wa namna hiyo aliitwa skwota. Tena nilijua nyumbani kwetu ni nani aliyekuwa akiitwa hivyo, na kwetu neno hilo halikutamkwa mbele ya wageni. Nikalikwepa. Nikasema kwa sauti nzuri ya redioni, "Baba yake alikuwa mpangaji."

Watu wakaangua kicheko. "Mpangaji amezaa mwenye nyumba!" msusi mmoja akapaza sauti, vigelegele vikafuata. Mwingine akauliza kama mzee huyo naye alifokewa kwa kumaliza maji ya moto. Nikacheka nao. Kumbe Mama Elvira alikuwa ameshafika mahali ambapo mwenye shamba aliagiza aletewe binti wa kusugua masufuria, naye akapelekwa akiwa na miaka kumi na miwili. Akaona meno yetu yote nje. Akaketi katikati ya sentensi, akainamisha uso.

Hapo akainuka Mzee Kasongo, fundi wa suti, mtu wa Bukavu, aliyekuwa hajacheka hata kidogo. Hakunifokea. Alinisogelea akaniambia polepole, "Mwana, juu ya nini siye tunacheka na Mama analia? Weye njo umepoteza neno ku njia. Umuulize: baba yake angeliweza kuhama?"

Nikauliza. Mama Elvira akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama jua lina baridi. "Kuhama aende wapi? Nyumba ya bwana, kisima cha bwana, hata njia ya kutokea ilikuwa ya bwana."

Nikawageukia watu. "Nimekosea," nikasema. "Baba yake hakuwa mpangaji. Alikuwa skwota. Alilima shamba la mtu ili aruhusiwe kulala. Kama babu yangu."

Sikuwahi kuyasema maneno hayo mbele ya mtu. Nilidhani nitadharauliwa. Mzee Kasongo akanishika bega: "Ata baba yangu, mwana. Ku plantation ya chai." Mama mmoja kule nyuma akasema na wake pia. Kijana mlinzi akatikisa kichwa: "Eish! Kumbe siye wote tuko ndugu."

Nilipomtafsiria Mama Elvira hayo yote, akalia, kisha akacheka, kisha akasimama tena. Sasa akatueleza siku serikali yao ilipoyagawa mashamba, baba yake akapimiwa eneo lake na kuzunguka mipaka yake mara tatu, mkewe nyuma akimwita aje ale. Baadaye mambo yaligeuka na wengi wakanyang'anywa, lakini siku ile walicheza hadi viatu vikaachia soli. Akatuonyesha ngoma yenyewe, ya kuzungushana huku unapunga leso. Wakongomani na ngoma, unawajua! Dakika mbili hazikupita, ua mzima ulikuwa unapunga leso, vitambaa vya cherehani na taulo za saluni. Sijapata kufurahi namna ile.

Mwanangu, wewe uliyezaliwa hapa, unayenijibu kwa Kizulu nikikusemesha Kiswahili, sikiliza. Mtu akikukabidhi maisha yake uyaseme, yabebe kama alivyokupa. Usiyapambe ili upendeze wewe. Na penye jina linalokuchoma, simama hapo, maana huenda ndilo jina ambalo mwenzako anangoja kulisikia. Mimi nilimficha babu yangu, nikamnyamazisha mama wa watu siku ya furaha yake. Nilipomtaja, nikapata ndugu ua mzima.

Mungu akujalie ardhi ya kukanyaga bila kuomba ruhusa. Akupe marafiki wa kukusahihisha bila kukuaibisha. Na siku utakapoulizwa wewe ni wa nani, ujibu kwa sauti kubwa, babu yangu akusikie huko aliko.