Waya wa Injinia

Mume wa mdogo wangu mtaa mzima unamwita Injinia, na yeye anaitika bila haya. Huo uinjinia kausomea wapi, usiniulize. Kazi aliyowahi kuifanya ni kubeba spika za kukodisha kwenye sherehe za watu na kusema "moja, mbili, mnanisikia?" kwenye maikrofoni mpaka mwenye sherehe amkaripie.

Basi akaja na miwani. Si ya kusomea, angesoma nini? Ni ile inayofunika uso mzima, ukajiona uko mwezini unapigana na mazimwi, kumbe umesimama chumba cha uani unapapasa kabati. Chumba hicho ndicho mdogo wangu alichokuwa akishonea. Cherehani ikahamishiwa ukumbini, ikabanwa kati ya friji na mlango wa choo, na Injinia akafungua biashara: ingia, lipa, vaa.

Sikatai, watu walikuja. Lakini miwani ile haina maisha bila waya wake, unaotoka kisogoni kwa mchezaji mpaka kwenye kompyuta. Ndani una vijinyuzi vyembamba kuliko unywele, na kimoja kikikatika, jicho moja linaona mwezi, jingine giza. Hautengenezeki. Madukani haupo, unaagizwa ng'ambo, na bei yake utadhani umesukwa kwa dhahabu. Wa kwanza ulipokufa alilaumu watoto wanaoukanyaga. Wa pili akalaumu umeme. Aliyelipia kila mara ni mdogo wangu, kwa sare za shule alizoinamia mpaka mgongo ukamkataa. Ulipokufa wa tatu, sare zikawa hazitoshi. Ikabidi iuzwe cherehani yenyewe.

Nilipopata habari nilivaa viatu nikaenda kuzuia upuuzi huo. Nikamkuta Injinia kwenye chumba cha uani, anaukunja ule waya mfu: anauzungusha kwenye kiganja, chini ya kiwiko, juu tena kiganjani, anavuta kwa nguvu, kama alivyozoea kukunja nyaya za spika.

"Shemeji, kila siku unaukunja hivyo?"

"Kila jioni, shemeji," akajibu, kifua mbele. "Nidhamu ya kazi. Waya ukiachwa chini unaharibika."

Nikautazama. Pale unapopinda kiwikoni, ganda lilikuwa limepauka na kupasuka.

"Basi muuaji ni wewe! Watoto wa watu umewasingizia bure!"

Akacheka. "Shemeji, mimi na nyaya tumetoka mbali. Wewe hujui mambo haya."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha na ujinga wake, nikaenda ukumbini. Mdogo wangu alikuwa anaifuta cherehani kwa kitambaa, na mnunuzi kashafika, yuko nje na mkokoteni. Nikamwambia yote niliyoyaona.

"Najua, dada," akasema.

"Unajua?"

"Nilimwona tangu waya wa kwanza, nikamwambia. Alinuna wiki nzima, hali, hasemi, akaanza kufunga nguo zake kwenye begi."

"Angeenda! Unauza kinachokulisha ili huyu zumbukuku apate waya mwingine wa kuvunja? Una akili kweli?"

Akaacha kufuta. Akanitazama, wala hakuwa na hasira.

"Wewe mumeo ulimwambia ukweli kila siku, dada. Mbele ya wageni, mbele yetu sote. Leo yuko wapi?"

Nikakichukua kile kitambaa, nikafuta pale alipoachia.

"Shika upande huo," akasema. "Mtu wa mkokoteni anasubiri."

Nikashika. Tukaitoa, yeye mbele, mimi nyuma, na Injinia akatushikilia mlango, akitusihi twende taratibu tusije tukaiharibu.