Squat za jioni moja zilivyonifanya nishindwe kukamua ng'ombe wa mum

Wakuu, habari za jioni.

Haya yamenitokea wiki hii hapa Gatitu na sijaongeza chumvi. Ng'ombe mwenyewe yuko hapo nje. Angekuwa na mdomo wa kuongea, angewasimulia vizuri kuliko mimi.

Kwanza mnijue. Mimi hupakia simiti kwa hardware, mwaka wa sita huu. Lori nzima tunamaliza asubuhi, halafu nakula githeri yangu nikiwa sawa. Mtu akiniambia habari za nguvu huwa nacheka tu.

Jumapili mum alisafiri kwenda Kianyaga, dada yake mdogo amefanyiwa operesheni. Akaniachia Karembo, ng'ombe wake aliyezaa juzi. Mum ni mjane, na maziwa ya Karembo ndiyo yanayomlisha. Agizo lilikuwa moja.

"Gichuki, asubuhi na jioni. Usiruke hata mara moja. Hiyo maziwa ikilala kwa kiwele chuchu inaharibika, na mimi sina ng'ombe ingine."

Nikasema sawa. Kukamua nilijua kabla ya kujua kusoma.

Jumatatu jioni, baada ya kukamua, nikapitia gym mpya hapa karibu na stage. Coach anaitwa Muriuki, jamaa wa mikono minene kama mapaja yangu. Akanianzishia squat, ile ya kuchuchumaa na kuinuka, halafu lunges za hatua ndefu goti likishuka chini, halafu ile ya kushika benchi kwa nyuma unajishusha na kujiinua. Hakuna hata chuma, ni mwili wangu tu! Nikaona huu ni mchezo wa watoto.

"Bro, siku ya kwanza enda pole," akaniambia.

Nikaongeza set tatu zangu mwenyewe.

Jumanne nikaamka mzima kabisa. Nikakamua, nikapakia simiti, nikawacheka watu wa gym kimoyomoyo. Jioni miguu ilikaza kidogo tu.

Jumatano ndiyo siku sitasahau.

Mapaja yalikataa kukunjika. Mikono ikakataa kunyooka. Choo chetu ni cha shimo, na hapo sitasema zaidi.

Nikajikokota hadi kwa boma. Kufika kwa kile kistuli cha kukamulia, nikajaribu kukaa, nikaanguka na ndoo. Karembo akanigeukia akanitazama. Kiwele kimejaa, kimekaza kama mpira, na mimi niko chini kwa samadi. Nilitaka kulia, sitawaficha.

Jirani yetu Baba Wanja akasikia ng'ombe akilia, akaja kusaidia. Karembo akampiga teke moja, jirani akarudi kwake akichechemea. Lakini aliniachia jibu: "Hiyo ni nimonia, kijana. Ulioga maji baridi ukiwa na jasho."

Nikapigia mwenzangu wa hardware. Yeye akasema ni typhoid, hata shemeji yake ilimwanza hivyo.

Nikapigia mama wa chemist. Yeye akaniuliza swali la ajabu: "Mkojo wako uko rangi gani?"

Nikashangaa. Mimi nasema miguu, yeye anauliza mkojo! Akaeleza kwamba ukiwa mweusi kama soda nikimbie hospitali, ukiwa sawa basi ni misuli imeshtuka, itapona. Ulikuwa sawa. Lakini misuli imeshtuka na nini, wakuu? Mtu wa simiti?

Kwa hasira nikampigia Coach. Nikamwambia ameniharibu, na ng'ombe wa mum anaharibika pia. Kusema ukweli, jamaa ni muungwana. Alikuja na bodaboda haraka.

Shida ni kwamba hajawahi kukamua. "Mimi nimezaliwa town, bro. Maziwa najua ya packet."

Nikamvalisha dustcoat ya mum na kitambaa chake cha kichwa, maana kwa mgeni Karembo hatulii bila harufu ya mum. Mikono ya dustcoat ikapasuka pande zote mbili. Mimi nikasimama nimeegemea ukuta, nikawa coach.

"Usivute! Finya kutoka juu, ushuke na vidole."

"Hivi?"

"Pole pole, bro. Siku ya kwanza enda pole."

Alichukua saa nzima. Jasho lilimtoka kuliko la gym. Lakini maziwa yalitoka yote, na Karembo akaanza kucheua. Coach akarudi jioni, na Alhamisi asubuhi na jioni tena. Alhamisi alikuwa ameshaanza kujisifu, ati kukamua ni rahisi.

Ijumaa asubuhi nikaweza kukaa kwa kistuli nikipiga kelele. Mchana mum akarudi. Alishika kiwele kwanza, chuchu moja moja, ndipo akanisalimia.

"Ako sawa," akasema. "Lakini wewe unatembea aje?"

Nikamwambia ukweli wote. Akanitazama sana, kisha akauliza, "Na dustcoat yangu?"

Saa hiyo hiyo simu ikalia. Ni Coach, sauti ya chini kabisa.

"Bro, vidole zangu hazifungi. Hata chupa ya maji imenishinda kufungua. Hiyo ng'ombe yenu iko na ugonjwa?"

Nikamuuliza:

"Coach, mkojo wako uko rangi gani?"

Nilichojifunza ni kwamba mwili unajua ile kazi umezoea tu. Mimi simiti, Coach chuma. Mum ako karibu miaka sabini, na amekamua jioni hii akiimba.

Lakini bado nimechanganyikiwa. Kwa nini Jumanne nilikuwa mzima, Jumatano nikawa mzee? Kitu kikikuumiza, si kikuumize siku hiyo hiyo mjue mlipokosana? Wenye kuelewa waniambie hapo chini. Nitasoma majibu yote nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa bado ni mradi.