Siku Nyanya Alipoitwa Mama wa Baba

Juzi nilishuka Gilgil, nikapanda kuelekea mashamba ya juu. Kama wewe pia ulikulia huko, utanielewa: nilitafuta harufu ya pareto ikikaushwa, nikaikosa. Utotoni ilitukalia hata kwenye ugali. Nyanya ndiye aliyenifundisha kuchuma maua yale kwa mikono yote miwili, akinitania kwamba vidole vyangu vimelala.

Nyanya, mama yake mama, alikuwa Mkikuyu. Alivuka milima zamani na mbuzi wake, wakati mzungu mwenye shamba alipokuwa akitafuta wafanyakazi kwa udi na uvumba. Baba, mkamua ng'ombe, alikuwa Mluhya, na kwao mtu hamgusi mama mkwe wake. Wakikutana njiani, baba aliingia majanini, akatazama kando. Sisi watoto tulicheka mpaka basi.

Kisha, wakati wa vita vya msituni, ikatoka amri ya serikali ya kikoloni: Wakikuyu wote warudishwe rizavu, ardhi waliyotengewa kwao. Mama angebaki kwa sababu ya mumewe, lakini nyanya? Huko hakuwa na mtu. Baba akaamua tuseme nyanya ni mama yake mzazi.

Lori lilipokuja, tulipangwa mstari uani.

"Huyu ni nani yako?" askari akamuuliza baba.

"Ni mama yangu, afande."

Askari akamsukuma nyanya asogee. Nyanya akapepesuka, akaenda kumwangukia baba. Na baba, maskini, akaruka nyuma na kugeuza uso.

Askari akacheka. Kumbe naye alitoka upande wa kina baba. "Mama yako anaanguka, wewe unamkimbia? Hata kwetu tunakimbia mkwe hivyo hivyo."

"Huyu mama nachuma kushinda wote!" mzungu akafoka. "Nani tachuma maua yangu?"

Askari akaonyesha lori kwa kidole. Ndipo baba akamshika nyanya mkono, mbele ya watu wote, akampandisha kwenye lori. Nyanya akajifunika uso kwa leso kwa aibu. Mimi niling'ang'ania sketi ya mama.

Hatukumwona tena. Maua yalinyauka shambani, na wageni walioletwa baadaye waliyang'oa kwa kudhani ni magugu. Leo huko ni viazi na nyumba za mawe. Hata kule kukwepana kumekwisha. Mume wa binti yangu hunikumbatia mlangoni, kijana mzuri, ananiita "Mum", nami kila mara mwili hunisisimka, nikasikiliza kama kuna lori nje.